Kompyuta imegoma: dalili, chanzo, na kinachoendelea ndani yake

Anayeanza kusoma usanifu wa kompyuta huonyeshwa mchoro ule ule: prosesa hapa, kumbukumbu pale, vifaa vya kuingizia na kutolea data pembeni, mishale katikati. Asili yake ni ripoti ya John von Neumann ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya EDVAC. Wengi huukariri, huufaulu kwenye mtihani, halafu siku kompyuta inapogoma hakuna anayeukumbuka. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, yaani kwenye dalili, na unaurudia mchoro pale tu unapohitajika.

Kitu kimoja kishike kwanza. Prosesa haina kazi nyingi. Inaleta elekezo kutoka kwenye kumbukumbu, inalitafsiri, inalitekeleza, inahifadhi matokeo, kisha inaleta elekezo linalofuata. Basi. Kwa hiyo mashine ikikusumbua, swali la maana ni hili: mzunguko huo umekwama hatua gani? Ukishindwa kuleta hata elekezo la kwanza, skrini inabaki nyeusi. Data ikiwa mbali, mashine inakuwa nzito. Elekezo lisipotafsirika, programu inakataa kuwaka. Matokeo yasipoenea kwenye nafasi yake, unapata jibu la ajabu.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini ni nyeusi

Feni kuzunguka hakumaanishi kwamba kompyuta imewaka. Kunamaanisha tu kwamba umeme umefika kwenye feni. Baada ya hapo kuna mlolongo mzima ambao haujakamilika.

Pawa saplai inapotulia hutuma ishara kwa ubaomama, bodi kuu inayounganisha vipande vyote, kwamba volti ziko sawa. Hapo prosesa inaachiwa ianze, nayo inakwenda moja kwa moja kwenye anwani iliyopangwa kiwandani. Katika prosesa za jamii ya x86 (za Intel na AMD), anwani hiyo iko baiti 16 tu kabla ya mwisho wa gigabaiti 4 za kwanza. Haielekezi kwenye RAM, yaani ile kumbukumbu ya kwenye mchoro, kwa sababu wakati huo RAM haina kitu cha maana. Inaelekeza kwenye chipu ndogo ya ubaomama inayohifadhi programu ya kuwashia, BIOS au mrithi wake UEFI. Programu hiyo ndiyo inayoiandaa RAM, kisha inawasha kadi ya picha, kisha inatafuta diski yenye mfumo endeshi (Windows, kwa mfano).

Zingatia mpangilio huo: RAM inatangulia skrini. RAM ikiwa imelegea, mashine inakwama kabla haijapata njia ya kukuandikia chochote, na ndiyo maana ubaomama nyingi hutoa milio au kuwasha taa ndogo. Idadi ya milio hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma kitabu cha ubaomama wako badala ya kuamini orodha ya jumla.

Anza na yasiyohitaji bisibisi. Je, waya wa skrini umeingia? Kwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya kuchomekwa, je, waya umechomekwa kwenye kadi au kwenye tundu la ubaomama? Kosa hili ni la kawaida mno kuliko watu wanavyokubali. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, na gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze chipu. Toa stiki zote za RAM, rudisha moja hadi usikie imebana, washa. Haikuwaka? Hamisha stiki hiyo kwenye nafasi nyingine. Bado? Jaribu stiki ya pili. Stiki moja ikigoma kila nafasi, stiki ni mbovu. Nafasi moja ikizigomea stiki zote, tatizo liko kwenye nafasi.

Ukiona ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia, usianze kuchokonoa RAM. Ujumbe huo ni ushahidi kwamba prosesa, RAM na kadi ya picha vimeshafanya kazi. Kilichokosekana ni diski yenye mfumo endeshi. Angalia kama diski inatambulika kwenye ukurasa wa BIOS, na kama hukusahau flashi imechomekwa na mashine inajaribu kuwakia humo.

Saa inarudi nyuma miaka, tovuti zinakataa kufunguka

Dalili mbili, chanzo kimoja. Kompyuta ikizimwa na kuchomolewa, saa yake huendeshwa na betri ndogo ya duara kwenye ubaomama, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3, ikihesabu mitikisiko ya fuwele 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 15, hivyo ni rahisi kuigawa kwa nusu hadi kupata sekunde moja. Betri ikichoka, tarehe inapotea. Tovuti salama huthibitishwa kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kinachodhani uko miaka kumi nyuma kitaona cheti hakijaanza kutumika. Badilisha betri, rekebisha saa.

Kompyuta ni nzito

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana mtu anasikia "nzito" na anakimbilia kununua kitu. Uzito ni dalili ya mambo angalau matano tofauti, na mengi kati yao yanahusu prosesa kusubiri.

Tuchukue prosesa ya gigahezi 3. Mpigo mmoja wa saa yake huchukua theluthi moja ya nanosekunde. Data iliyo kwenye rejista, vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, iko mkononi tayari. Iliyo kwenye kache ya kwanza, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, hupatikana kwa mipigo minne au mitano. Iliyo kwenye RAM huchukua nanosekunde 100 hivi, yaani mipigo 300. SSD, diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, huhitaji kama mikrosekunde 100: mipigo 300,000. Diski ya kuzunguka, ambayo lazima isogeze mkono wake na kungoja sahani ifike, huchukua milisekunde 10 hivi, na hiyo ni mipigo milioni 30. Ukitaka kuhisi tofauti, fanya kila mpigo kuwa sekunde moja: RAM inakusubirisha dakika tano, SSD siku tatu na nusu, diski ya kuzunguka karibu mwaka mzima.

Sasa fungua kidirisha cha mfumo endeshi kinachoonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski, na kisome mashine ikiwa imelemewa. Ukikisoma ikiwa imetulia hakikuambii kitu.

*RAM imejaa, diski iko asilimia 100, prosesa iko chini.* Mfumo endeshi umeishiwa nafasi na unahamishia vipande vya kumbukumbu kwenye diski, kwa kawaida kurasa za kilobaiti 4 kila moja, kisha unavirudisha programu inapovihitaji. Hila hii inaitwa kumbukumbu pepe, na ikitumika kidogo ni baraka. Ikizidi, mashine inatumia muda wote kuhamisha kurasa badala ya kufanya kazi uliyoituma. Funga vichupo vya kivinjari, funga programu usizotumia. Hali ikijirudia kila siku, ongeza RAM. Prosesa yenye kasi zaidi haitakusaidia hata kidogo hapa. Itasubiri vile vile.

*RAM ina nafasi, diski iko asilimia 100, hasa dakika za mwanzo baada ya kuwasha.* Ni diski ya kuzunguka inayosomeshwa faili ndogo nyingi zilizotawanyika. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kila faili inagharimu kusubiri kwa wastani nusu ya hapo, ukiacha muda wa kusogeza mkono. Kubadilisha kuwa SSD ndiyo tiba. Kwa kompyuta ya zamani yenye diski ya aina hii, sijui badiliko jingine linaloonekana kwa macho kama hili.

*Prosesa inaonyesha asilimia 25 na haipandi, lakini kazi haiishi.* Watu huuliza mbona haitumii nguvu yote. Kama prosesa ina viini vinne, asilimia 25 ni kiini kimoja kilichojaa kabisa huku vitatu vimekaa. Programu imeandikwa kwa uzi mmoja wa kazi, kwa hiyo haijui kugawana. Ikiwa kila kiini kinajitambulisha kwa mfumo endeshi kama viwili, utaona asilimia 12 au 13 badala ya 25. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza kikomo cha jambo hili: ikiwa nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukiwa na viini elfu moja hutapata kasi inayofika mara mbili. Kwa programu kama hiyo, prosesa yenye kiini kimoja chenye kasi inafaa kuliko yenye viini vingi vya polepole.

*Inaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa inapungua kasi na feni inapiga kelele.* Joto. Prosesa nyingi za sasa zimewekewa kikomo kinachokaribia nyuzi 100 za selsiasi, na zikikikaribia hupunguza mapigo ya saa zenyewe ili zisiungue. Tazama kasi ya prosesa kwenye kidirisha kile kile: ikiwa inashuka kutoka gigahezi 3 hadi chini ya 1 huku kazi ikiendelea, umeshapata jibu. Safisha vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma, usiiweke kompyuta ya mapajani juu ya godoro, na kama ni ya miaka mingi, grisi ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake huenda imekauka. Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mashine haijawekwa kwenye hali ya kubana matumizi ya betri. Hali hiyo hushusha kasi kwa makusudi.

*Kompyuta ni nzuri, ila programu uliyoiandika mwenyewe ndiyo nzito.* Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Tuseme una jedwali kubwa la namba katika lugha ya C, safu mlalo 10,000 na safu wima 10,000, na unataka jumla yake. Unaweza kupita mlalo kwa mlalo au wima kwa wima. Kihesabu kazi ni ile ile: namba milioni 100 zinajumlishwa. Lakini ukipima muda, mara nyingi utakuta njia ya wima inazidiwa mbali.

Sababu ni kache. Prosesa ikiomba namba moja kutoka kwenye RAM haipewi namba moja. Inapewa kipande kizima cha jirani zake, kwa kawaida baiti 64. Namba kamili ya baiti 4 inakuja pamoja na nyingine 15. C hupanga jedwali mlalo kwa mlalo, hivyo ukipita mlalo unatumia zote 16 kabla ya kwenda tena RAM. Ukipita wima, kila namba unayoitaka iko baiti 40,000 mbele ya iliyotangulia. Unaleta baiti 64, unatumia 4, na kufikia wakati utakaporudi kwa jirani zake huenda kipande hicho kimeshaondolewa ili kuwapisha wengine. Badilisha mpangilio wa vitanzi viwili, mistari miwili tu ya msimbo, kisha pima tena. Ukishaliona kwa macho yako, sura ya kitabu kuhusu kache itasomeka kwa urahisi zaidi.

Jibu linalotoka si sahihi

Kabla ya kulaumu chochote, uliza: linarudia? Endesha programu ile ile kwa data ile ile mara kadhaa, na ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Jibu baya lisilobadilika popote limetoka kwenye programu au kwenye namna namba zinavyohifadhiwa. Jibu linalobadilika-badilika bila sababu linanuka RAM mbovu, joto, au nyuzi mbili za kazi zinazogombea data moja.

Tuanze na linalorudia. Mwambie Python, lugha ya kuandikia programu, ajumlishe 0.1 na 0.2, atakujibu 0.30000000000000004. Hajakosea. Kompyuta huhifadhi namba kwa nguvu za 2, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika mfumo huo, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali za kawaida. Kanuni inayotumika karibu kila mahali ni IEEE 754 ya mwaka 1985. Tiba: usilinganishe namba za aina hii kwa alama ya sawasawa, linganisha kama tofauti yake ni ndogo vya kutosha. Na fedha zihesabu kwa senti, kama namba kamili.

Tatizo la pili ni namba kuzidi chombo. Namba kamili ya biti 32 yenye alama huishia 2,147,483,647. Katika Java, ukiongeza 1 unapata -2,147,483,648, bila onyo. Katika C hali ni mbaya zaidi, kwani lugha yenyewe haiahidi kitakachotokea. Ukiona idadi ya kitu imegeuka hasi, anzia hapo kuchunguza. Mifumo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038. Na si suala la darasani tu: tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipotea katika safari yake ya kwanza, chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu programu ilijaribu kuiingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16 na haikuenea.

Je, prosesa yenyewe inaweza kukosea hesabu? Ndiyo, ila ni nadra kiasi kwamba ikitokea inaingia kwenye historia. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati nchini Marekani, aligundua kwamba prosesa za Pentium zilikuwa zikikosea baadhi ya migawanyo. Jedwali lililokuwa ndani ya chipu lilikosa baadhi ya namba, na Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya gharama za kosa hilo. Mwanafunzi anayesema "nadhani prosesa ina kosa" akiwa na programu ya wiki moja anapaswa kusoma msimbo wake kwanza.

Kwa lile lisilorudia, endesha programu ya kupima RAM usiku kucha, ile inayowaka kutoka kwenye flashi bila mfumo endeshi. Kosa hata moja linatosha kuishuku stiki. Kila biti kwenye RAM ni chaji ndogo ya umeme inayovuja, na lazima iburudishwe takriban kila milisekunde 64. Seli dhaifu ikivuja mapema, 1 inasomeka 0, na programu isiyo na hatia inaanguka.

Programu haikubali kuwaka kwenye kompyuta hii

Faili imepakuliwa vizuri, inawaka kwa mwenzako, kwako inakataa. Hapa mzunguko umekwama kwenye kutafsiri. Kila jamii ya prosesa ina seti yake ya maelekezo, na baiti zilizo elekezo la kujumlisha katika x86 si elekezo hilo katika ARM. Angalia aina ya prosesa yako kwenye taarifa za mfumo, kisha pakua toleo linalolingana nayo. Kuna programu za kutafsiri kutoka jamii moja kwenda nyingine, kama Rosetta 2 ambayo Apple iliitoa mwaka 2020 ilipohamia ARM, lakini si kila mfumo unayo.

Ikiwa jamii inalingana na bado inaanguka kwa ujumbe wa elekezo batili, huenda prosesa yako ni ya zamani kuliko programu inavyotarajia. Maelekezo ya AVX, kwa mfano, yalianza kuonekana kwenye prosesa za mwaka 2011.

Pia kuna suala la biti 32 na 64. Anwani ya biti 32 inaweza kutaja baiti 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4. Programu ya biti 32 inayolalamika kwamba kumbukumbu imekwisha kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 16 haidanganyi: imeishiwa anwani, RAM ipo.

Diski ya gigabaiti 500 inaonyesha 465

Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inaihesabu kuwa 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe uone.

Inajizima au kujiwasha upya bila mpangilio

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote: inaweza kutoka popote. Tenganisha kwanza aina mbili. Ikiacha ujumbe, iwe skrini ya bluu au maandishi kwenye rekodi za mfumo, basi prosesa ilikuwa hai na mfumo endeshi ulipata nafasi ya kulalamika. Shuku draiva mpya (programu inayoendesha kifaa fulani), RAM, au diski. Ikizima ghafla bila neno, kama waya umechomolewa, basi hakuna aliyepata nafasi hiyo. Shuku umeme au joto.

Kisha angalia inazima wakati gani. Wakati wa mchezo au kuchakata video tu? Pawa saplai inaelemewa kadi ya picha inapovuta umeme mwingi, au joto limevuka kikomo cha mwisho ambapo kupunguza kasi hakutoshi. Wakati wowote, hata ikiwa imetulia? Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukiandike: stiki moja ya RAM leo, waya mwingine wa umeme kesho. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na ikapona, hutajua kilichokuwa kibovu, na unaweza kukirudisha kwenye mashine nyingine.

Jaribio moja linapunguza orodha upesi. Iwashe, ingia kwenye ukurasa wa BIOS, uiache hapo kwa saa moja au mbili huku ukitazama joto la prosesa kama ukurasa unalionyesha. Hapo hakuna mfumo endeshi, hakuna draiva, hakuna programu yako. Ikijizima hata hapo, usipoteze muda kusakinisha Windows upya; kinachobaki ni pawa saplai, upozaji, RAM au ubaomama wenyewe.